Ng'ombe wa Nkwabi

Milembe, binti wa Mama Nkwabi, alinipigia simu asubuhi nikiwa nahangaika kutafuta miwani, na kabla hajamaliza salamu nilishajua kuna msiba, maana watu wa kwao hawapigi simu saa hizo kuuliza habari za mvua. "Kaka Maduhu, mama ametutoka," alisema. Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikamwambia nitakuja. Nilidhani yameisha. Kisha akasema mama yake ameacha neno. "Amesema ukifika usimame mbele ya watu, useme habari ya ile baiskeli." Nikamuuliza baiskeli gani, ingawa nilijua vizuri mno. Nikakaa kwenye gunia la spea hapo hapo dukani, mtu mzima na mvi zangu, miwani nimeshasahau kuitafuta. Sioni haya kusema kwamba mimi ni mwoga. Wapo watu waliozaliwa na moyo mkubwa, mimi sikuwapo wakati unagawiwa. Lakini uoga ninaousimulia hapa si wa kuzaliwa nao. Niliupata mwaka mmoja nikiwa kijana, kwa sababu ya fremu ya baiskeli, na tangu siku hiyo haujawahi kuniacha kabisa.

Mwaka huo Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa, Bariadi tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga, na mtaa wetu wa Somanda ulikuwa na nafasi kati ya nyumba na nyumba, siyo kama sasa ambapo bodaboda wanakupitia mgongoni ukiwa umesimama mlangoni kwako. Mimi na fundi mwenzangu Masunga tulipanga chumba kwa Mama Holo, mjane mmoja wa mjini ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba yake. Masunga alikuwa ametokea Maswa, amekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Mimi nilitoka Kalemela, kando ya ziwa, kwenye dagaa na jua. Mbele ya nyumba tulisimamisha banda la mabati, yeye akiziba mitungi na kuchomelea, mimi nikishughulika na baiskeli. Chumbani kulikuwa na kitanda kimoja tulicholala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni kwa mwenzake, na chini yake tupa, spana, makopo ya gololi na chupa ya mafuta ya taa, kiasi kwamba hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa nasikia usingizi. Asubuhi Mama Holo alitupa chai na michembe, vile viazi vilivyokaushwa ambavyo lazima uvibembeleze mdomoni kabla havijakubali. Jioni ilikuwa ugali wa mtama na dagaa niliokuwa natumiwa kutoka nyumbani. Ukuta kati ya chumba chetu na chake haukufika kwenye paa, kwa hiyo tulijua habari zake zote, na yeye zetu.

Fremu ilikuja hivi. Alipita mnunua vyuma chakavu, mgeni, anasukuma mkokoteni uliopinda ekseli. Masunga akamnyooshea na kumchomelea. Yule bwana akasema, chagueni chochote humo kwenye lundo, tumalizane. Masunga akachomoa fremu ya baiskeli, akaipiga na spana, ikalia. Akaipiga tena, akanitazama. Fremu zetu za kawaida, zile nyeusi za kubebea magunia, ukizigonga zinatoa sauti ya chungu. Hii ililia kama kengele ya kanisa la mbali. Halafu ilikuwa nyepesi, unaiinua kwa vidole viwili. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, ile rangi ya mafuta ya kupaka milango, tena kwa brashi mbovu, nywele za brashi zimegandia humo humo. Siku hizi vijana wananiletea fremu dukani, wanaipiga picha kwa simu, simu inawaambia imetengenezwa wapi na mwaka gani. Sisi tulikuwa na kucha zetu na masikio. Mtu aliyepata fremu nzuri namna ile hana sababu ya kuipaka rangi ya mlango. Ningelifikiria hilo siku ile, pengine ningeirudisha kwenye lundo. Sikulifikiria. Nilifurahi tu.

Tulianza kuifufua. Bomba la tandiko lilikuwa limegandia ndani kwa kutu, tukalimwagia mafuta ya taa, tukaliacha, tukalizungusha kwa kipande cha bomba refu hadi likaanza kulia na kukubali. Rangi ya kijani tuliikwangua kwa vigae vya chupa, kisha msasa, na chini yake ikatokea rangi yenyewe ya kiwandani, nyekundu iliyoiva kama divai. Kwenye uma wa mbele na wa nyuma kulikuwa na vile vijiti vifupi vya kushikia breki za pembeni, na nyuma pana nafasi ya tairi nene. Hapo nikajua, nikamwambia Masunga, hii ni maunteni, baiskeli ya kupandia milima, ya zamani kabisa, ya kabla hawajaanza kutuletea za bati. Tukapeana mikono kama watu waliopata mtoto. Nitaieleza kidogo zaidi, maana kila kitu kilichotokea baadaye kilitoka hapa. Bomba la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa na bonde dogo, kiasi cha kuingia dole gumba. Masunga alitaka kulijaza kwa kuchomelea, mimi nikakataa kwa sababu bomba lile jembamba lingeungua. Tukaliacha. Na kule chini, pale ekseli ya pedeli inapopita, kulikuwa na mikwaruzo ya tupa: mikato mitatu iliyosimama na mmoja umelala. Tukadhani ni cheni, au mtu alijaribu kukata. Masunga akachukua tupa akailainisha, ili rangi mpya ikae vizuri, mpaka pakang'aa.

Kabla hajailainisha, siku ile ile asubuhi, alikuwa amekuja Mzee Kwilasa kuziba pancha. Alikuwa mteja wetu, mfugaji wa upande wa barabara ya Maswa, mtu wa kutania sana, kila akija lazima aulize kama Wakalemela tumejifunza kula nyama. Siku hiyo alichuchumaa mbele ya fremu, akapitisha kidole kwenye ile mikato, akauliza tumeipata wapi. Tukamweleza tukicheka. Yeye hakucheka, akachukua baiskeli yake akaondoka. Kesho yake alirudi bila pancha. Akachuchumaa tena pale pale, akakuta pamelainishwa, panawaka kama kisu kipya. Akainuka. Nikamsalimu, "Mwadila, mzee," hakuitikia. Kwetu mtu mzima asipoitikia salamu unajua umekosa, ila mimi nilidhani labda kagombana nyumbani kwake.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula, mimi na Masunga tumekaa kitandani na sahani kwenye stuli, tukasikia sauti ya Mzee Kwilasa upande wa pili wa ukuta, kwa Mama Holo. Alikuwa anaongea polepole. "Ng'ombe wa Nkwabi yuko hapa kwa vijana wako. Jana nimemwona na alama yake. Leo wameifuta." Mama Holo akasema hawa vijana hawafugi hata kuku. Mzee akasema, "Mtu akishafuta alama ya ng'ombe utamuuliza nini tena, mama? Mimi nimeshapeleka habari." Tonge langu lilibaki mkononi. Mtu asiyekulia huku anaweza asielewe. Kwa Wasukuma wafugaji ng'ombe anakatwa alama ya ukoo, na mwizi wa ng'ombe kwanza anatafuta namna ya kuibadili ile alama. Ukikutwa umeibadili, umekwisha kujieleza. Wakati ule watu walikuwa hawasubiri polisi. Lakini sisi tulitazamana kwa mshangao tu. Ng'ombe gani? Mimi sijawahi kukaa na ng'ombe hata wa kukopa, kwetu Kalemela samaki hakatwi alama. Masunga naye ng'ombe alikuwa anawaona wakipita barabarani. Mama Holo alipokuja kutuuliza, tukamwapia. Naye, maskini, mtu wa mjini, hakujua zaidi yetu. "Wakija wakawauliza, msikwepe maneno," alitushauri. "Apeni kwa Mungu hamumjui ng'ombe huyo. Mtu mwenye haki anaapa."

Walikuja asubuhi, sungusungu wa kijiji cha kina Nkwabi, kundi la walinzi wa jadi wenye fimbo na pinde, na mbele yao kamanda wao, mtu mfupi aliyejitanda shuka, mwenye sauti ya upole. Hiyo sauti ya upole ndiyo iliyonitisha. "Mwangaluka," akasema. "Mwangaluka, baba," tukaitikia. Akasema wamekuja kumuulizia ng'ombe wa Nkwabi. Majirani walikuwa wameshajaa. Masunga, kwa kufuata ushauri wa Mama Holo, akasimama wima akaapa kwa jina la mama yake kwamba hatumjui, hatujamwona, hatujamgusa. Mimi nikaapa vile vile, na nikaongeza kimbelembele changu, nikasema tukikutwa naye mtufanye mtakavyo. Kamanda akatikisa kichwa taratibu, akaingia bandani, akaweka mkono juu ya ile fremu nyekundu. "Na huyu?" akauliza.

Akatueleza, na hapo ndipo nilipoelewa. Nkwabi alikuwa amemuuza dume la kulimia la kwao akanunua ile baiskeli Mwanza. Sasa mtu akiuza ng'ombe akanunua kitu, kitu kile ndiye ng'ombe, amebadilika umbo tu. Basi naye akachukua tupa akaikata baiskeli alama ya ukoo, mikato mitatu ya kusimama na mmoja wa kulala, na kijiji kizima kikawa kinaiita hivyo, ng'ombe wa Nkwabi. Watoto walikuwa wanauliza kama amepewa maji. Ilikuwa utani. Na sisi tumesimama mbele ya halaiki tumeapa hatumjui, huku amelala bandani kwetu, na alama tumeilainisha kwa tupa yetu wenyewe. Nilijaribu kueleza. Nilisema mnunua vyuma chakavu, wakauliza jina lake, sikulijua. Wakauliza kaelekea wapi, sikujua. Kila nilichosema kilisikika uongo hata masikioni mwangu mimi mwenyewe. Mama Holo alianza kupiga kelele, "Mimi ndiye niliyewaambia waape, jamani, ni mimi," wala hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tulitembea kwenda kijijini. Masunga alibebeshwa fremu begani. Njiani kamanda alikuwa anatembea pembeni yangu, ananisimulia bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nkwabi alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa mama yake. Alipanda ile baiskeli akaenda Maswa kiwandani kufuatilia pamba yao, hakurudi. Mama yake alipiga mwano, lile yowe ambalo likipigwa kila mwanaume lazima aache anachofanya akimbilie, wakatoka vijiji na vijiji wakapekua vichaka na makorongo. Hawakuona hata ndala. "Sasa tumemwona ng'ombe," akasema. "Mama yake ndiye atakayesema kama ni yeye. Akisema ndiye, mimi sitaweza kuwazuia watu hawa. Nawaambia mapema, vijana, msije mkasema sikuwaambia." Nilishika mkono wa Masunga. Alikuwa amejikojolea, na mimi nilibakiza kidogo sana. Ninapoandika haya nakumbuka hata mawe ya njia ile, nakumbuka kulikuwa na pamba zimepasuka pande zote mbili, nyeupe, na nilikuwa nawaza kwamba mama yangu Kalemela muda huu anaanika dagaa na hajui.

Walituketisha chini kwenye uwanja wa mji wa Mama Nkwabi. Watu walizidi kuja. Wengine walikuwa wananong'ona, wengine wanatucheka, na mzee mmoja alikuwa anauliza kwa sauti kama matairi yameletwa. Sikuelewa mara moja matairi ya nini. Nilipoelewa ni ya kutuchomea moto, niliinamisha kichwa. Nilikuwa naogopa hata kuangalia nyumba, maana milango mitatu minne niliyoiona ilikuwa ya kijani, ile ile. Najua nusu ya milango ya wilaya ilipakwa rangi hiyo, ndiyo iliyokuwapo madukani. Lakini nikawaza, mtu aliyemkuta Nkwabi njiani, aliyeificha hii baiskeli chini ya rangi, anaweza kuwa amekaa humu humu, anatutazama, anafurahi tumepatikana sisi. Kila aliyenitazama machoni nikamdhania yeye.

Mama Nkwabi alikuja kutoka shambani, jembe begani, mwanamke mwembamba wa umri ambao leo mimi nimeupita. Alitusalimu. Hilo sijalisahau: alitusalimu kama wageni wengine wote, "Mwadila," na sisi tukaitikia kwa sauti isiyotoka. Akaomba maji, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifuta kwa kanga. Kisha akachuchumaa akaigeuza fremu. Aliangalia pale palipokuwa na alama, pamelainika na kung'aa. Binti mdogo, ndiye Milembe, alikuwa amemshika nguo kwa nyuma. Kamanda akasema, "Wamefuta, mama, angalia bomba zenyewe." Na hapo mimi nikaona kitu ambacho nadhani wengine hawakukiona kwa sababu walikuwa wanaangalia uso wake. Mimi niliogopa kumwangalia usoni, nikawa naangalia mkono. Mkono wake wa kushoto ulikwenda moja kwa moja kwenye bomba la nyuma, upande ule usioonekana kwake, haukupapasa, haukutafuta, na dole gumba likaingia kwenye lile bonde likatulia humo. Nikajua kwamba anajua, na kwamba tumekufa.

Akamtazama Masunga, suruali imelowa. Akanitazama mimi. "Wewe mtoto wa nani?" akauliza. Nikasema natoka Kalemela, Mayu, yaani mama. Akauliza kama mama yangu yupo. Nikasema yupo. "Anajua uko wapi?" Nikasema hajui, na hapo nikaanza kulia kwa sauti, bila aibu yoyote, mbele ya wanaume wale wote. Yeye hakulia. Alitoa dole gumba lake, akailaza fremu chini kwa taratibu, akasimama, akashika kiuno. "Siyo yenyewe," akasema.

Watu wakaguna. Kamanda akamwambia aangalie vizuri, Mzee Kwilasa ameona alama kwa macho yake. "Kwilasa macho yake mabovu, anafunga ng'ombe wa watu zizini kwake kila siku," akajibu, na wapo waliocheka kidogo. "Ng'ombe wa mwanangu mimi namjua. Huyu siye." Kamanda akauliza, sasa Nkwabi yuko wapi? Akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Nkwabi ameenda machimboni. Vijana wote wanaenda machimboni. Atarudi." Akachukua jembe lake. Hakuna aliyeweza kusema zaidi ya mama mwenyewe. Tukaambiwa tuchukue chuma chetu twende. Tulipompita, aliniambia kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma, "Itengenezeni vizuri, ng'wanone," yaani mwanangu. Ni mimi tu niliyemsikia.

Masunga aliondoka Bariadi wiki hiyo hiyo. Alikwenda Kahama, akaoa huko, na juzi nilipompigia kumwambia Mama Nkwabi amefariki na ameacha neno gani, alisema, "Mimi simo, Maduhu. Nina wajukuu," akakata simu. Simlaumu hata kidogo. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa naogopa barabara kuliko nilivyoogopa chumba. Niliitengeneza fremu, tandiko, usukani, magurudumu niliyoyaunga kutoka huku na kule, na siku za kazi ile mlio wa filimbi ya sungusungu tu ulitosha kunirusha. Sikuipanda. Niliisimamisha chumbani, upande aliokuwa analala Masunga. Mavuno yalipoisha, Mama Nkwabi akaja, ametembea kwa miguu, akasema amekuja hospitali na amepita kusalimu. Mama Holo akampa chai na michembe. Akala, akaongea habari za mvua, kisha akaomba kuingia chumbani apumzishe mgongo. Nilimwacha. Nilipochungulia alikuwa amekaa kitandani, ameshika lile bomba la nyuma, anatazama ukuta. Alikuja tena, na tena, mwaka ule na miaka iliyofuata, siku zote hospitali ndiyo sababu. Mara moja nilijikaza nikasema, "Mayu, hii baiskeli..." Akaniambia, "Mwanangu, chai yako inapoa." Nilikuwa najidanganya kwamba alituokoa ikaisha, kila mtu akaenda zake na maisha yake. Kijana huwa haoni gharama ya kitu alichopewa bure.

Milembe ndiye aliyenionyesha, kwenye mazishi, tumekaa pembeni ya jiko la msiba kabla ya ibada. Alisema kwa kuwa mama yake alitamka mbele ya kijiji kwamba Nkwabi yuko machimboni, hakuweza tena kumlilia. Hakuna tanga lililowekwa. Hakuna mtu aliyekuja kumpa pole. Mtu aliye hai angewekewa matanga ya nini? Mchumba wake Nkwabi alisubiri, akachoka, akaolewa, na watu wakamsema kijana vibaya. Wanawake kisimani walimwita Mama Nkwabi mama wa mtoro, mwenye mtoto aliyesahau hata kumtumia mama yake doti ya kanga. Naye aliitikia, "Ndiyo, wa kwangu ndivyo alivyo." Alilima peke yake hadi mgongo ukakataa. Milembe mwenyewe alikua akimchukia kaka yake kwa kuwatelekeza. "Nimemtukana kaka yangu maisha yangu yote, Maduhu," alisema. "Mama ananisikia tu, hasemi. Juzi ndiyo ananiambia, ile baiskeli ilikuwa yake. Akasema lile bonde ni mimi nililipiga na mchi nilipokuwa mdogo." Aligeuza ugali wa waombolezaji huku anaongea, machozi yanaingia kwenye moshi. Kisha akaniambia kwa nini mama yao alinitaka mimi. Mama alisema, akisema Milembe, watasema ni huzuni ya mtoto. Akisema yule kijana wa Kalemela, ambaye ana sababu ya kunyamaza, wataamini.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kunyamaza, tena nyingi. Uwanja ulikuwa ule ule. Kamanda alikuwepo, mzee sana, amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake, na nyuma yake watu wengine wa rika lake ambao nyuso zao nilizitambua. Milango ilikuwa imebadilishwa, mingine ya chuma, lakini niliwatazama wazee mmoja mmoja nikimwaza yule yule niliyemuwaza siku ile, aliyemkuta Nkwabi njiani, kama yupo, kama ananijua, kama atanitafuta. Nikasema moyoni, ondoka, sema tumbo linakuuma, hapana atakayekulaumu. Kasisi alipouliza kama kuna mwenye neno la familia, Milembe hakunitazama. Aliangalia chini. Ndipo nikasimama. Nikashika mti wa turubai.

"Mwadila," nikasema, wakaitikia. Nikasema mimi ni Maduhu, mmoja wa wale vijana wawili walioletwa hapa na fremu ya baiskeli, na tukaketishwa pale. Nikanyoosha kidole. Sauti yangu ilikuwa ndogo, kama ile ya siku ile. "Mama huyu alisema siyo yenyewe," nikasema. "Ilikuwa yenyewe. Sisi hatukumwona Nkwabi, hatukujua ni yake, tuliipata kwa mnunua chuma. Lakini ilikuwa yake na mama yake aliijua kwa mkono. Alisema vile ili sisi tusiuawe. Nkwabi hakwenda machimboni. Nkwabi hakumtoroka mama yake." Yule kamanda wa zamani akainua uso. "Rudia," akaniambia. Nilijua safari hii hakuna wa kusimama kati yangu na wao, maana aliyesimama alikuwa kwenye jeneza. Nikarudia. "Ilikuwa ya Nkwabi."

Nilingoja. Niliitazama mikono yao, siyo nyuso. Mzee akaweka fimbo yake chini, akavua kofia, akaishika magotini. Na kule nyuma, kwenye mikeka, bibi mmoja ambaye sikumjua akapiga yowe na kulitaja jina la Nkwabi, akalitaja kama kijana aliyekufa asubuhi hiyo. Mwingine akalipokea, na mwingine, hadi wanawake wote wakawa wamesimama, na Milembe ameanguka kwenye mchanga anamwomba kaka yake msamaha. Kasisi alijaribu kuendelea na ibada, akaacha. Tulimlilia Nkwabi mpaka jeneza la mama yake likachelewa kutoka.